Wiski ya nafaka ya Uskoti yenye miaka 40: wenyewe wanasema "nazi", mimi nauliza nazi ipi?

#1 Mkaa Haymarket

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Naishi Edinburgh mwaka wa saba sasa, mtaa wa Dalry, hatua chache kutoka stesheni ya Haymarket. Kila asubuhi nikitoka zamu ya usiku napita karibu na dohani moja ya matofali, ndefu karibu mita 90, imesimama peke yake katikati ya nyumba za watu. Miaka yote hiyo nilijiambia ni ya kiwanda cha mikate. Jumamosi iliyopita ndiyo nimejua: ni mabaki ya kiwanda cha wiski cha Caledonian, kilichojengwa mwaka 1855 kando ya reli, na enzi zake kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya wiski Ulaya nzima. Kilifungwa 1988. Nimejuaje? Nimekinywa.

Kuna mzee mmoja Mskoti nafanya naye kazi. Yeye na wenzake wana kikundi, kila baada ya miezi miwili wanakodi chumba juu ya baa, wanachangishana, wanaonja. Safari hii mada ilikuwa wiski za nafaka tupu, zile ambazo lebo inasema "single grain", na sharti lilikuwa moja tu: hakuna ya chini ya miaka 30. Mimi nilikwenda kwa adabu, maana mzee alishanialika mara mbili nikamkwepa.

Kwa asiyejua: wiski ya Uskoti iko ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kimea tupu, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, inapikwa kwenye vyungu vya shaba. Hiyo ndiyo yenye majina. Ya pili ni ya nafaka: ngano au mahindi, na kimea kidogo ndani, inapikwa kwenye mtambo wa minara. Hiyo ya pili karibu yote inakwenda kuchanganywa. Wewe unayekunywa Red Label pale kona, sehemu kubwa ya kilichomo kwenye glasi ni nafaka, ila hakuna aliyewahi kukutambulisha. Mara mojamoja pipa linabaki ghalani miaka 30, 40, 50. Hapo ndipo mambo yanabadilika.

Tulikuwa watu kumi na wawili. Glasi tano kila mtu, zile zenye tumbo na mdomo mwembamba, na kila glasi ina sentilita moja na nusu tu. Mtungi wa maji, kijiko cha chai, biskuti zisizo na chumvi. Na daftari moja la kikundi, kila mtu anaandika humo alichokisikia puani.

Ya kwanza: North British, miaka 30. Hiki kiko hapahapa Edinburgh, cha mwaka 1885, kinafanya kazi mpaka leo. Nikanusa. Rangi ya kucha! Ile ya saluni kabisa, na dawa yake ya kufutia. Nikadhani glasi haikuoshwa. Mzee akanibonyeza bega: iache, toa pua, zungumza na mtu. Baada ya dakika kama kumi nikarudi, rangi ya kucha imeondoka, imebaki ndizi mbivu ile yenye madoa meusi, na sukari inayoanza kuyeyuka kwenye kikaango.

Ya pili: Cambus, kiwanda kilichofungwa 1993, kiko upande wa Alloa. Hii ilikuwa laini, maandazi ya moto yenye iliki. Sina la kuongeza, nilimaliza kabla ya wenzangu.

Ya tatu: Invergordon, ya mwanzoni mwa miaka ya 70, imekaa kwenye pipa miaka zaidi ya 45. Hapa chumba kizima kilinyamaza. Halafu kila mtu akaanza kusema "nazi". Nazi, nazi, nazi. Na daftarini wakaandika nazi. Mimi mtoto wa Tanga nikaandika nazi pia, nikijua nimeandika uongo, maana haikuwa nazi. Ilikuwa kitu cha nazi. Nimeshindwa kukipata jina mpaka sasa ninavyoandika.

Ya nne: sitataja jina. Ilikuwa kongwe kuliko zote, imepita miaka 50, na kila mtu alikuwa anaisubiri hiyo. Mdomoni ni ukakasi mtupu. Ulishawahi kunyonya kijiti cha aiskrimu baada ya aiskrimu kuisha? Ndiyo hiyo. Ubao, ubao, kisha chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Watu walijitahidi kuisifia kwa sababu ya umri wake, kama tunavyomsifia mzee anayerudia hadithi.

Ya tano: Caledonian yenyewe. Ilipikwa 1974, ikatolewa 2015 ikiwa na miaka 40, kwenye chupa wameiita The Cally, kama walivyokuwa wakikiita kiwanda. Chupa ni ya mzee mmojawapo, hivyo tulipata sentilita moja kila mtu. Miaka 40 na bado ina nguvu ya asilimia 53.3! Mdomoni halua ya Zanzibar ile nyeusi, kungumanga kwa mbali, mwishoni ganda la chungwa lililokaushwa. Nikafungua pazia la dirisha, dohani ile pale, taa za barabarani zimeimulika nusu. Aise.

Karibuni.

#2 Kipepeo Mweusi

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu umeandika ukurasa mzima hujajibu swali la msingi: ilipanda au haikupanda?

#3 Ustadh 77

Kilicho haramu wingi wake, uchache wake nao ni haramu. Hata kijiko kimoja. Nakunasihi tu ndugu yangu, sina ugomvi.

#4 Mkaa Haymarket

Ustadh, nasaha nimeipokea kwa mikono miwili.

Kipepeo, sentilita saba kwa saa tatu. Hata mbu hapandi.

#5 Mla Bata

Mkuu naona umepigwa hela. Nafaka ni pombe ya kujazia tu, ndiyo maana inauzwa kwa matangi. Mimi nimekunywa za kimea za kule Uskoti, za Islay, za Speyside, hizo ndizo wiski. Ukiniwekea spiriti ya minara ukaniambia ina miaka 40, ni sawa na kusifia maji ya betri kwa kuwa yamekaa sana.

#6 Mkaa Haymarket

Mla Bata, ugomvi wako una zaidi ya miaka 100 na umeshaamuliwa. Mwaka 1905 halmashauri ya Islington, London, iliwashtaki wauza baa kwa kuuza wiski ambayo siyo wiski, hoja ikiwa hiyohiyo yako: spiriti ya minara haistahili jina. Hakimu akawaunga mkono Islington. Wenye viwanda vya nafaka wakahaha. Wakubwa wao walishaungana tangu 1877 kwenye Distillers Company, viwanda sita, Cambus wakiwemo, kwa hiyo hela ya kupigana ilikuwepo. Mwaka 1906 wakaitangaza Cambus ya miaka saba kwa watu wa kawaida, ikinywewa yenyewe bila kuchanganywa, wakajisifu kwamba galoni nzima haina kichwa kuuma hata kimoja. (Hilo msilijaribu nyumbani.) Serikali ikaunda tume ya kifalme 1908, na 1909 ikatoa jibu: ya vyungu ni wiski, ya minara nayo ni wiski.

Kwa hiyo uhuru wa kutoipenda unao. Jina huwezi kuinyang'anya.

#7 Fundi Mitambo

Naomba nichangie kidogo, nimefanya kazi miaka minane kwenye mnara wa spiriti ya molasi, kiwanda cha sukari, sitasema wapi.

Watu wakisikia "minara" wanadhani ni ujanja wa kisasa. Robert Stein alishatengeneza wake mwishoni mwa miaka ya 1820. Kisha akaja Aeneas Coffey, Mwairishi, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa ushuru akikimbizana na wapika pombe ya magendo. Kapata hataza yake 1830. Yaani askari wa gongo ndiye aliyekuja kutengeneza mtambo bora kuliko wote.

Kazi yake ni hivi. Pombe iliyochachuka inaingia juu ya mnara wa kwanza, mvuke unapanda kutoka chini, vinakutana kwenye sahani zenye matundu. Mvuke unainyang'anya pombe kilevi chake, unakwenda nacho mnara wa pili, huko unapanda sahani baada ya sahani ukijisafisha. Hausimami. Chungu cha shaba unajaza, unapika, unamwaga, unaosha, unaanza upya. Mnara unakula usiku na mchana.

Sasa hapa ndipo Mla Bata ana nusu ya ukweli. Kwenye chungu spiriti inatoka kwenye asilimia 70 hivi, imebeba mafuta mengi na harufu za kimea. Kwenye mnara inatoka juu sana, sheria ya Uskoti inasema isifike 94.8, ili ibaki na chochote cha nafaka yake. Ni spiriti nyepesi, haina mengi ya kusema yenyewe. Ukiinywa changa ni maji matamu yenye moto. Lakini kwa kuwa ni nyepesi, inakubali kufundishwa na pipa, polepole mno. Ile rangi ya kucha uliyoisikia ni esta, yaani kemikali zenye harufu, hasa ithaili asiteti, ipo kwenye spiriti nyingi, ila kwenye nyepesi haina pa kujificha. Inaruka kwanza kwa sababu ni nyepesi kuliko wenzake. Mzee alikuwa sahihi, unaiacha iondoke.

Na ile ya nne iliyokukaba, bila kuiona nadhani pipa lilikuwa bado na nguvu. Spiriti nyepesi ndani ya pipa kali miaka 50, unakunywa mbao. Ukitaka kuiweka muda huo, itafutie pipa lililochoka, lililoshabeba wiski mara mbili tatu.

#8 Mkaa Haymarket

Fundi, umenipa elimu ambayo kule nililipia nikaipata nusu. Nilimuuliza mzee kuhusu pipa la ya tatu, akasema lilikuwa limetumika sana, karibu litupwe.

#9 Wa Nyali

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu, mbona lebo yasema "single" na wewe wasema ndani mna ngano na kimea cha shayiri? Hiyo "single" ni ya nini basi? Mie nilidhani ni nafaka ya aina moja.

La pili, miaka 40 kwenye mbao, hayapungui?

#10 Mkaa Haymarket

Wa Nyali, "single" ni ya kiwanda, siyo ya nafaka. Maana yake kila tone limetoka kiwanda kimoja. Wakichanganya nafaka za viwanda viwili inapata jina jingine. Wengi wanakosea hapo, hata kule mezani alikuwepo mmoja.

Yanapungua sana. Wanahesabu kama asilimia mbili kwa mwaka zinapotea hewani, wanaziita fungu la malaika. Piga hesabu: pipa la lita 250, baada ya miaka 40 limebaki kama lita 110. Hizo ni chupa mia na hamsini na kitu. Na kule kwa ubaridi na unyevu wa maghala yao, nguvu nayo inashuka. Ikifika chini ya asilimia 40, kisheria siyo wiski tena, hata kama ina miaka 60. Kwa hiyo mwenye pipa kongwe anakwenda kulipima kama mtu anayempima mgonjwa homa.

#11 Mla Bata

Sawa, na bei?

#12 Mkaa Haymarket

Swali zuri, na ndilo linaloniuma kwa niaba yako. Wiski ya kimea ya miaka 40 kwenye maduka ya huku ni bei ya gari. Ya nafaka yenye umri uleule, kutoka kwa wale wanaonunua mapipa na kuweka chupani kwa jina lao, unaweza kuipata kwa sehemu ndogo tu ya hiyo. Bado ni hela ndefu, sisemi ni ya bure. Ila ni kwa sababu ya watu wenye maneno kama yako kwamba sisi tunaonja. Endelea kusema hivyohivyo mkuu, usibadilike.

#13 Mangi wa Kibosho

Mmesema kimea mkapita. Ngoja nisimamishe gari hapo.

Sisi kwenye mbege, ndizi zinachemshwa, lakini bila kimea cha ulezi hujafanya kitu. Bibi yangu alikuwa anaotesha ulezi, anaukausha, anausaga, anausimamia kuliko ndizi zenyewe. Sasa hawa Waskoti wanaopika mahindi, kimea wanaweka cha nini?

#14 Fundi Mitambo

Mangi, mahindi yana wanga na hamira haili wanga, inakula sukari. Mahindi unayapika mpaka yawe uji mzito, unapoza kidogo, unatia kimea cha shayiri. Kimea kina vimeng'enya vinavyokatakata wanga uwe sukari. Ukionja uji ule baada ya muda unakuta umekuwa mtamu bila sukari. Bila kimea wangebaki na uji.

Na kwa taarifa yenu, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80 viwanda vingi vya nafaka Uskoti vilipika mahindi, mengi yakitoka Marekani. Baadaye ngano ikawa nafuu, wengi wakahama. North British wamebaki na mahindi. Kwa hiyo Mkaa, ile Invergordon yako ya mwanzoni mwa miaka ya 70 bila shaka ni mahindi.

#15 Kipepeo Mweusi

Kwa hiyo jamaa kalipa paundi kwenda kunusa ugali wa enzi za Azimio la Arusha.

#16 Mkaa Haymarket

😂 Na ningelipa tena.

#17 Bint Pangani

Habari zenu. Mimi sinywi na wala sitakunywa, niseme mapema ustadh asihangaike nami. Ila nimesoma uzi wote kwa sababu ya kichwa chake. Nyumbani tunapika mafuta ya nazi, kazi ya mama, na mama wa mama.

Kaka Mkaa, umeandika "kitu cha nazi" halafu ukatuacha. Mtoto wa Tanga! Haya nikusaidie. Ilikuwa dafu?

#18 Mkaa Haymarket

Shikamoo Bi Pangani. Hapana, dafu ni maji na ubichi. Hii haikuwa na ubichi.

#19 Bint Pangani

Marahaba. Koroma?

#20 Mkaa Haymarket

Hapana. Ilikuwa na mafuta.

#21 Bint Pangani

Tui basi. Tui bubu au la mwisho?

#22 Mkaa Haymarket

Nilifikiria tui bubu. Lakini tui lina ubaridi fulani, lina maziwa. Hii ilikuwa na joto, imepitia moto. Nikawaza kashata, lakini kashata sukari inatangulia. Hapa sukari ilikuja nyuma, na kidogo.

#23 Fundi Mitambo

Naingilia sekunde moja tu: kilichomo ni laktoni zinazotoka kwenye mbao za mwaloni, hasa mwaloni wa Kimarekani. Ni jamaa wa zile zinazoipa nazi harufu yake. Kwa hiyo Waskoti hawakosei wakisema nazi. Endelea dada.

#24 Bint Pangani

Ahsante fundi. Hawakosei, ila wao nazi wanaijua ya kwenye biskuti.

Kaka, imepitia moto, ina mafuta, sukari iko nyuma. Mbata?

#25 Mkaa Haymarket

Mbata ndiyo karibu zaidi mpaka sasa. Lakini mbata ina ukavu wa juani, ina vumbi la darini. Hii ilikuwa nyororo.

#26 Wa Nyali

Walahi uzi huu waendelea vizuri. Mie sijali wiski tena, nataka kujua ni nazi ipi.

#27 Bint Pangani

Sasa nisikilize. Unapopika mafuta, tui unaliweka motoni, linachemka, maji yanaondoka kidogo kidogo, mafuta yanaanza kupanda juu yakiwa meupe, kisha yanang'aa. Ukiendelea na moto mdogo, chini ya sufuria kuna kitu kinabaki, kinageuka kahawia. Mama akishachuja mafuta, sisi watoto tunagombania sufuria, tunakwangua kwa kijiko, ukinyunyiza sukari punje chache unakula hivyohivyo cha moto. Unakijua?

#28 Mkaa Haymarket

Mashata.

Bi Pangani, MASHATA. Nimesimama hapa jikoni kama mjinga. Nilibaki na tone kwenye kichupa, mzee alinipa nirudi nacho nyumbani. Nimekifungua sasa hivi kunusa. Ni mashata ya sufuria ya alumini, yale ya pembeni ambayo hayajaungua bado. Bibi alikuwa anapika pale Chumbageni nyuma ya nyumba, sijayala tangu darasa la tano.

#29 Bint Pangani

Nilijua tangu uliposema imepitia moto. Nilikuwa nakuacha ufike mwenyewe.

#30 Mla Bata

Sikubali kushindwa lakini naomba nielekezwe, nikija Uingereza mwezi wa kumi, hii Invergordon naulizia vipi dukani?

#31 Mkaa Haymarket

Karibu mkuu. Usiulizie kwa jina la kiwanda pekee, uliza kama wana ya mapipa yaliyotumika tena, na usipagawe na umri. Mimi ningechukua ya miaka 30 yenye pipa lililochoka kabla ya ile ya 50 iliyonikaba. Ukifika Edinburgh nitafute, dohani nitakuonyesha bure.

#32 Mkaa Haymarket

Mrejesho, wakuu. Jana kikundi kilikutana tena (safari hii ramu, si za uzi huu). Nikaomba daftari, nikafungua ukurasa wa Invergordon, nikakata neno nililoandika, nikaandika mashata. Mwenyekiti akaniuliza ni kitu gani hicho. Nikamweleza sufuria, tui, moto mdogo, watoto na kijiko. Akachukua kalamu, akaniomba nimtajie herufi moja moja, akaliandika kwenye mstari wake pia, chini ya neno lake la mwanzo. Kalikosea. Kaandika "mashatta", kwa t mbili. Nimemwacha.